Tawi Lililofunga Njia ya Mbugani: Maisha ya Mzee Ambrosi Lugembe, 1928–1983

Wazee wetu, Baba Padri, mabalozi wa nyumba kumi, watani, majirani wa Ipembe, na ninyi nyote mlioacha palizi mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili, familia ya Lugembe inawasalimu, na wakubwa wote shikamooni. Maneno haya yameandikwa na binti mdogo wa marehemu, kama marehemu mwenyewe alivyomwambia kwa kinywa chake tangu Desemba hadi wiki iliyopita, na yanasomwa na mdogo wa marehemu, Raymundi Lugembe, kwa niaba ya familia nzima. Marehemu aliagiza yasomwe yote, yasipunguzwe, hata yale yanayouma.

Marehemu Ambrosi Lugembe alizaliwa mwishoni mwa Novemba 1928, mwaka ule reli ilipofika Mwanza, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kutoka misheni ya Ndala, akabatizwa tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, ndipo akapata jina hilo, naye alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Lugembe Mayala na mama Kabula. Babu yake, mzee Mayala, alikuwa kirangozi, yaani mtu anayetangulia mbele ya msafara wa wapagazi, na alikwenda Bagamoyo akarudi mara nne. Kazi ya kirangozi haikuwa kuijua njia tu, bali pia kuifunga ile isiyo njia, kwa maana msafara ulikuwa mrefu na mtu wa mwisho hakumwona wa kwanza, hivyo kila njia zilipogawanyika alikata tawi bichi lenye majani, akalilaza kukingama mdomo wa njia mbaya, na mtu wa nyuma, hata akifika peke yake jioni akichechemea, aliliona akajua kwamba hapa hapapitwi, mbele kuna vita, au simba, au ardhi inayomeza. Mzee Mayala alimfundisha mjukuu wake sheria mbili za tawi hilo, ya kwanza kwamba haliondolewi ila na aliyelilaza au aliyeliruka, na ya pili kwamba tawi halilazwi kwa mchezo. Tunaomba mlishike hilo la pili, kwa sababu ndilo lililomlaza marehemu hapa mapema kuliko siku zake.

Marehemu alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1938 hadi alipomaliza darasa la nne Novemba 1941, akijua kusoma, kuandika na hesabu za kugawanya, kisha akakaa nyumbani akichunga ng'ombe wa baba yake na kulima mpunga kwenye majaruba, na ni huko alikojifunza kuitazama ardhi, wapi maji yanasimama na wapi yanapita.

Mwezi wa Mei 1948 alikwenda Urambo kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, akaanza kwa kung'oa visiki, na mwaka uliofuata akafundishwa kuendesha matrekta ya minyororo, na baadhi ya matrekta hayo, kama wazee wa Urambo mnavyokumbuka, yalikuwa vifaru vya vita vya zamani vilivyong'olewa mizinga vikaambiwa vilime. Mwezi wa Februari 1950 mojawapo lilitumwa kukata kona kupitia mbuga ndogo ya udongo mweusi, juu kavu kama ngozi ya ng'ombe, na halikufika katikati, likatitia hadi kwenye dirisha la dereva, wakaleta la pili kulivuta, nalo likatitia, wakaleta la tatu, na hapo marehemu akashuka akakataa kuendesha. Alikatwa mshahara wa wiki mbili, lakini siku ile alipata somo alilotufundisha sisi watoto kabla hatujajua kusali, kwamba ardhi haitishwi na chuma, kwamba chuma kikiwa kizito zaidi ndivyo kinavyoipendeza mbuga, na kwamba mtu asiyejua nchi atazame vichuguu, kwa sababu mchwa hajengi nyumba mahali ambapo maji yatamfuata, basi ukiona uwanja mpana, wa kijani, uliosawazishwa vizuri, hauna kichuguu hata kimoja, usishukuru, jiulize umewekwa kwa ajili ya nani.

Mashamba ya karanga yalipokufa, marehemu aliajiriwa katika idara ya barabara mjini Tabora tarehe 1 Septemba 1951, akiendesha katapila na greda, akakaa mtaa wa Chemchem katika nyumba ya fundi cherehani mmoja, na tarehe 15 Agosti 1953, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alifunga ndoa na mama yetu Apolinaria, ambaye yupo hapa mbele yenu. Walijaliwa watoto saba, wawili walitangulia wakiwa wachanga, waliobaki ni Sylvester, Gaudensia, Kalisti, Pelagia na Skolastika, na wajukuu tisa, wa mwisho ana miezi minne.

Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa barabarani na greda lake, vijana wakamsimamisha, wakalivika majani mabichi toka pua hadi mkia kama bwana harusi, wakaingia nalo mjini wakiimba, na marehemu alipenda kusema kwamba siku ile aliona vizuri jinsi tawi moja lilivyo na ndimi mbili, mkononi mwa kirangozi linasema simama, na juu ya gari linasema twendeni, furahini. Hakujua kwamba ndimi hizo mbili zitakuja kugongana mbele ya macho yake.

Baada ya Azimio la Arusha aliacha kazi mjini kwa hiari yake, tarehe 30 Juni 1967, kwa kuwa aliliamini neno la kuishi na kufanya kazi pamoja, akarudi kulima huku upande wa Kaliua na baadaye kuendesha trekta la kijiji. Mwezi wa Agosti 1974, wakati wa kuhamia vijijini, waliokuja kupanga Ipembe waliweka vigingi kule chini mbugani, kwa kuwa palikuwa pazuri na pamenyooka kwa kamba, na marehemu, aliyekuwa na kadi ya TANU tangu 1957, alisimama mkutanoni, akauliza kwa heshima kama kuna aliyeona kichuguu hata kimoja pale, akajibiwa kwamba taifa halijengwi kwa kuhesabu vichuguu, akaitwa mpinga maendeleo, akawekwa siku mbili katika stoo ya pembejeo. Wengi wenu mnakumbuka masika ya 1975, nyumba kumi na moja zilivyoanguka, lori la mahindi ya msaada lilivyozama hadi kwenye bodi, na jinsi kijiji kilivyohamishwa tena mwezi wa Juni kikaletwa huku juu kwenye udongo mwekundu, na marehemu hakumcheka mtu, alibeba tu vyombo vya wajane kwa trekta safari saba, mbili kati ya hizo zikiwa za mama Eustadia na mwanawe Bundala, jirani zetu wa upande wa magharibi.

Sasa tunafika kwenye vita, na hapa tunaomba utulivu.

Mwezi wa Novemba 1978, nchi yetu ilipokuwa imevamiwa huko Kagera, walitafutwa watu wanaojua mitambo ya minyororo, na marehemu, akiwa na miaka hamsini, alichukuliwa, akapewa katapila la jeshi, kwenda kuandaa mapito ya vifaru na kuvivuta vinapokwama. Bundala wa mama Eustadia, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa jeshini tayari, mpakia makombora ndani ya kifaru, na siku ya kuondoka, tarehe 2 Desemba, pale stesheni ya Kaliua, mama Eustadia alimshika marehemu mkono mbele ya watu akamwambia, baba Sylvester, mimi sina mwingine, naye marehemu akamjibu, mama, mimi ndiye natangulia, mwanao atapita pale nilipopita mimi. Maneno hayo mliokuwapo mliyasikia, na marehemu aliyasikia kila siku hadi Jumamosi saa nne asubuhi.

Mungu akawakutanisha kweli marehemu na Bundala ng'ambo ya mpaka, na mkuu wa kifaru cha Bundala alikuwa Koplo Yahaya, Mzaramo kutoka Kisarawe. Hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Tabora kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipofika pwani wamechoka wakapokewa kwa matusi na ubwabwa, na kwamba mtani anaweza kuchukua kofia yako, chakula chako, hata jeneza lako akalizuia njiani, na wewe huruhusiwi kukasirika wala kushtaki. Yahaya alimwita marehemu mpagazi wangu, akimwuliza mbele ya askari, "Mzee, mlizoea kubeba pembe, leo mnataka kutubebea na barabara?" na marehemu akimjibu, "Ninyi watu wa pwani kila mkiona maji mnavua nguo, mtakuja kuogelea kwenye tope," na Bundala aliyekuwa katikati yao alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ya pili ya Machi 1979, Yahaya alipokula nyama waliyowekewa watu wa katapila, marehemu alikata tawi akalilaza mbele ya sufuria ya kambi, akatangaza kwamba njia ya Mzaramo imefungwa, kambi nzima ikacheka, kesho yake akalilaza mlangoni pa hema la Yahaya, na siku ya tatu kwenye njia ya chooni, Yahaya akaliruka huku ameshika suruali, akipiga kelele, "Nimepita, Mnyamwezi, na sijafa!" Marehemu alisema alicheka siku hiyo kuliko siku zote za vita, na kwamba wakati anacheka alihisi kama ameitwa jina na sauti ya mzee Mayala, lakini hakuisikiliza.

Jumanne tarehe 20 Machi 1979 walifika kwenye bonde ambalo jina lake marehemu hakulitaja hata mara moja. Alilieleza hivi. Mbele kulikuwa na mwinuko mrefu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na juu yake adui alikuwa amechimba mashimo akaingiza vifaru vyake humo, hata ukitazama huoni mwili wa kifaru, unaona kichwa tu na mzinga. Barabara ilikwenda moja kwa moja kuelekea mwinuko huo juu ya tuta jembamba, kulia na kushoto mafunjo na maji, na kifaru kinachopita pale hakiwezi kugeuka, kikipigwa cha kwanza na cha mwisho, vilivyobaki katikati ni kuku kwenye tenga. Kushoto kwa tuta, kabla ya mafunjo, kulikuwa na njia ya gari iliyoshuka kwenye uwanja wa majani, mpana, wa kijani, uliopanda taratibu hadi chini ya mwinuko, na uwanja huo haukuwa na handaki, wala waya, wala askari hata mmoja. Kulia, mbali, nchi ilikuwa mbaya kwa macho, miiba, mawe na vichuguu virefu kuliko mtu, na ukizunguka huko ungetumia saa tatu. Palikuwa na ukimya, hata ndege wa mafunjo hawakulia, na kutoka mwinuko ule haikupigwa risasi hata moja.

Marehemu aliingia uwanjani kwa miguu alfajiri na fimbo yake ya mninga, hatua arobaini, fimbo ikashuka kama kwenye uji, akairudisha, akanusa udongo, akaona ni ule ule wa Urambo na wa Ipembe ya chini, akatazama mbele, hakuna kichuguu. Akaelewa kwamba adui hakusahau kuulinda uwanja ule, aliuacha wazi makusudi, kwa kuwa mbuga ndiyo ilikuwa askari wake, na mizinga yote ya mwinuko ilikuwa imeelekezwa sehemu mbili tu, kwenye tuta na kwenye majani yale, ikisubiri. Akarudi akamweleza afisa, afisa akamwamini, akaamuru vifaru vyote vizunguke kulia kwa kufuata vichuguu, na marehemu, kama alivyofundishwa, akakata tawi kubwa lenye majani, akalilaza kukingama mdomo wa njia ya kushoto, kisha akatangulia na katapila kusafisha njia ya kulia, na vifaru vikamfuata kimoja kimoja.

Kifaru cha Yahaya hakikuwepo wakati wa amri, kilibaki nyuma kinatengenezwa mnyororo, kikafika baada ya saa moja kikiwa peke yake, na marehemu, aliyekuwa amepanda juu ya kichuguu kuangalia kama kuna aliyepotea, alikiona kinasimama kwenye njia panda, mbali lakini wazi. Akamwona Yahaya anatoa kichwa, anashuka, analiokota tawi, analiinua juu kuelekea upande aliko yeye, na kwa kuwa bonde lilikuwa kimya aliisikia sauti yake, "Mtani! Umeangusha kuni zako!" Marehemu alipiga kelele, akavua shati akalipunga, na kule wakadhani anajibu utani, wakapunga nao, Bundala akiwa ametoa kichwa kwenye tundu la pili, anapunga mikono miwili, anacheka. Yahaya akalichomeka tawi juu ya kifaru kama majani ya Siku ya Uhuru, wakashuka uwanjani ili kukata kona wawawahi wenzao.

Walikwenda hatua themanini. Marehemu alisema kifaru hakikuzama kwa kishindo, kiliinama mbele kidogo kama mtu anayesujudu, kikajaribu kurudi nyuma, kikajaribu kugeuka, na katika kugeuka kikaupa mwinuko ubavu wake, upande ambao chuma ni chembamba, na mwinuko uliokuwa kimya tangu alfajiri ukasema kwa mizinga yote. Yahaya, aliyekuwa nusu nje, alirushwa akaangukia kwenye majani, mkono wake wa kulia ukaungua, na watatu waliokuwa ndani hawakutoka, Bundala akiwa mmoja wao. Mchana ule ule vifaru vilivyopita kwenye vichuguu vilitokea ubavuni mwa mwinuko, na adui, ambaye mizinga yake ilikuwa imetazama mbuga, hakuwahi kuigeuza ndani ya mashimo yale, akakimbia akaacha kila kitu. Siku hiyo jeshi letu lilishinda kwa sababu ya njia ya marehemu, na watu walimpongeza, naye hakula. Siku ya tatu aliingia na katapila kwa kulaza magogo, akakivuta kifaru kile kwa minyororo miwili, saa sita nzima, akawatoa wale vijana kwa mikono yake, akawazika kwenye udongo mkavu penye kichuguu. Tawi alisema lilikuwa bado limechomekwa, majani yameungua upande mmoja tu.

Yahaya akiwa kitandani alimwuliza neno moja, "Mtani, lile lilikuwa la kweli?" na marehemu akamjibu, "La kweli lilikuwa lile moja, matatu ya kwanza nilikudanganya." Hawakuonana tena.

Marehemu alirudi Ipembe tarehe 11 Agosti 1979, na habari ilikuwa imemtangulia, kwamba Ambrosi ndiye alikuwa kirangozi na kifaru cha Bundala kilizama, basi wako waliosema alisahau kuifunga njia, wako waliosema aliifunga ya kulia akaacha ya kushoto, na wako waliosema, Mungu awasamehe, kwamba Mzee aliuza kijana wa jirani apate kurudi yeye. Mama Eustadia aliacha tu kuitikia salamu, na hakumsalimu marehemu kwa miaka mitatu na nusu. Marehemu hakujitetea hata siku moja, hata kwa mama yetu, kwa kuwa kujitetea kungekuwa kumshtaki mtani wake kwa jambo alilolifanya ndani ya utani, na utani haushtakiwi, tena yeye ndiye aliyeivunja sheria ya pili ya babu yake mara tatu kwa sababu ya nyama, akalifanya tawi kuwa mchezo, na mchezo ukafundisha mtu kutoliogopa. Alifanya jambo moja tu, siku aliporudi alikata tawi akalilaza kwenye njia fupi itokayo nyumbani kwetu kupita kwa mama Eustadia, na kila lilipokauka akakata lingine, akatuambia sote tuzunguke na barabara kubwa. Mlipokuwa mkisema amechanganyikiwa kwa vita, alikuwa anatwambia kwamba mbele ya njia ile kuna ardhi ambayo hawezi kuikanyaga.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Agosti 1982 kwa kuvimba miguu, akapelekwa hospitali mjini Tabora tarehe 6 Septemba, akaambiwa ni moyo, akapewa dawa, akarudi, akapelekwa tena Novemba, na uvimbe ukawa unapanda. Kila asubuhi alijibonyeza kwa kidole, kidole kikaacha shimo, naye akasema kwa utulivu uliotutisha, tope limefika kwenye vifundo, baada ya wiki mbili, limefika magotini, na siku ya Krismasi, limefika kiunoni, sasa linatafuta dirisha la dereva. Hapo ndipo alipomwita binti yake aje na daftari. Alimwambia aandike yote, kisha aandike barua kwa Yahaya, amweleze kilichoandikwa, na kwamba akikubali kisomwe, kisomwe, akikataa daftari litiwe motoni na Ambrosi azikwe na jina alilonalo, maana hataki kuanza utani na mtu kisha amalize kwa ushahidi. Barua iliondoka Kaliua tarehe 4 Januari. Wiki zikapita tano, maji yakapanda hadi kifuani, na kila treni ilipopiga honi alikuwa akiuliza kama kuna kitu cha posta, tukawa tunajibu hakuna, akawa anasema, basi, nchi bado imenyamaza.

Alhamisi tarehe 10 Februari ilifika simu ya maandishi posta, maneno matatu, SOMENI NAKUJA YAHAYA. Tuliposoma alifumba macho, kisha akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu vita, akasema, "Mwoga wa Kizaramo, wiki tano kuvuka uwanja mmoja!" Jumamosi tarehe 12 Februari 1983, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameegemezwa kwenye magunia ya mpunga ili apumue, marehemu aliaga dunia akiwa na miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mjini Tabora waliomtibu kwa upole dawa zilipokuwa haba, dereva wa trekta la kijiji aliyempeleka stesheni mara mbili bila kudai mafuta, wenzake wa idara ya barabara waliokuja kutoka mjini na kuchonga jeneza kwa mbao za mninga, wanakwaya, mabalozi, na majirani mliolala nasi, hata wale mliomsema marehemu na bado mkaja na kuni na maji. Hatuna neno na mtu.

Mama Eustadia, tulikuja kwako jana mchana, mama Apolinaria na sisi watoto, kwa kuwa haikufaa uyasikie haya kwa mara ya kwanza mbele za watu. Ulituketisha, ukasikiliza hadi mwisho, ukauliza jambo moja tu, kama kweli mwanao alikuwa anacheka, tukakujibu kwamba ndiyo, alikuwa anacheka na kupunga mikono miwili. Asante kwa kuja leo.

Na wewe mtani wetu Yahaya, uliyeshuka treni leo asubuhi ukakaa kule nyuma kwenye ukingo wa turubai na mkono wako ndani ya koti, wazee wamekuona na watoto wamekuona. Marehemu alichagua kaburi lake mwenyewe mwezi wa Desemba, liko huko magharibi kwenye udongo mwekundu, katikati ya vichuguu viwili, na njia ya kwenda huko ni ile fupi inayopita mlangoni kwa mama Eustadia. Tawi la mwisho alilolikata lipo bado pale njiani, limekauka, na ameagiza kwamba asiliguse mtu wa nyumba hii, wala jeneza lisizungushwe barabarani, bali lisimame hapo mpaka aliyeliruka, yaani wewe, aliondoe kwa mkono wake, mama Eustadia akiwa anaona. Hatujui kama mkono utaweza, na hatujui mama atafanya nini. Tutasimama na kungoja, hata kama mvua ile iliyo juu ya mbuga itatukuta.

Baba yetu, ulitangulia mbele ya wengi, leo unapita nyuma ya mmoja. Pumzika kwa amani, mahali pakavu.